Samaki wa Ukoo

"Mguu gani?" mke aliuliza, kalamu ikisubiri juu ya karatasi.

"Wa kushoto," mama mkwe akajibu. "Kama baba yake. Kama babu yake."

Mke akaandika kwamba kamba ya wavu ilimzonga mguu wa kushoto. Herufi zikapanda na kushuka kama mlevi kwenye ngazi. Mama mkwe akaivuta karatasi, akaitazama, akaichana vipande vinne.

"Anza tena, mwanangu. Andika kama mtu aliyefiwa, si kama mtu anayekimbizwa."

Walikuwa jikoni, mlango wameurudishia. Mezani zilikuwepo nakala kuukuu za barua mbili, zilizotolewa ndani ya foronya. Ya kwanza iliandikwa na bibi wa nyumba hii, ambaye sasa ni marehemu. Mumewe alikwenda ziwani kuvua, samaki mkubwa akanasa wavuni, akamvuta mtu na kamba yake hadi chini. Ya pili aliiandika mama mkwe mwenyewe alipofiwa na mumewe, miaka ishirini na miwili iliyopita. Samaki yule yule. Kamba ile ile.

Barua zenyewe zilipelekwa kwa baba mkubwa, kiongozi wa ukoo, anayeishi mwendo wa siku mbili kutoka hapo. Yeye ndiye aliyezigeuza kuwa hadithi. Ndugu wakikusanyika huzisoma kwa sauti, na kila mwaka samaki huzidi kukua.

"Kwenye harusi yangu alikuwa na urefu wa mtumbwi," mke alisema.

"Siku hizi ana ndevu."

Mke akacheka, kisha akajishika shavu. Upande wa kulia ulikuwa umevimba na jino moja lilikuwa linacheza. Jirani alipouliza, alimwambia ni mlango. Jirani akajibu kwamba milango ya nyumba ile ina mikono.

Mama mkwe akachovya kitambaa kwenye maji ya moto, akakikamua, akambandika shavuni taratibu. Uani, binti yake wa miaka minne alikuwa akicheza peke yake. Alikuwa samaki, na ndoo ilikuwa babu.

"Kwa nini nisimpigie simu tu baba mkubwa?"

"Habari ya kifo haipokei kwa simu yule. Anataka karatasi aishike. Asipoiamini atakuja, na hatakuja peke yake. Watakupeleka kwa askari, na mtoto watabaki naye wao. Unasikia anavyocheza? Huyo ndiye unayemwandikia."

Mke akaigusa barua ya pili kwa kidole. "Ya kwako aliiamini?"

"Soma mstari wa nne."

Mke akaichukua barua ya pili. "'Alikwenda kuvua dagaa kwa taa. Mwezi ulikuwa mpevu, nikauona mtumbwi wake kwa mbali ukielea mtupu.'" Akaurudia kimoyomoyo. Alizaliwa kwa wavuvi, hakuhitaji kufundishwa. "Lakini mama, mwezi mpevu nani anavua kwa taa? Dagaa hawaifuati taa kukiwa na mbalamwezi. Wanaume wote hukaa nyumbani."

"Hukaa nyumbani," mama mkwe akasema. "Na sisi ndio tunaojua wanavyokaa."

Akakirudisha kitambaa kwenye maji.

"Baba mkubwa alikuja. Aliketi hapo hapo ulipoketi. Akaniuliza swali moja tu: 'Shemeji, nani anavua kwa taa mwezi mpevu?' Nikamwambia nilichanganyikiwa kwa kilio. Akaondoka. Lakini mpaka leo akiisoma mbele ya watu, mstari wa nne anauruka. Na akiuruka, ananitazama mimi."

Mke hakujua aangalie wapi. Akaangalia mikono ya mama mkwe. Ilikuwa mikono midogo, yenye makovu ya nyuzi za nyavu.

"Niliiandika baada ya yote kwisha," mama mkwe aliendelea, "nguo zangu zikiwa bado zinachuruzika maji. Haraka ndiyo iliyoniumbua. Bibi alikuwa amenionya, nikajiona najua kuliko yeye."

"Lakini huyu ni mwanao, mama."

Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, uso wa yule mama ulitikisika, kama maji yanapoguswa na jiwe. Ukatulia.

"Ni mwanangu. Nilimbeba, nikamnyonyesha, nikamwombea kila uchao asiwe kama baba yake. Juzi nilipokuokota hapa sakafuni nikajua maombi yamekwisha. Andika."

Mke akaandika. Safari hii herufi zilikaa sawa kwenye mstari. Aliandika kwamba usiku ule hapakuwa na mwezi, giza lilikuwa totoro, taa ikaonekana ikiwaka mbali kisha ikazimika ghafla. Aliandika habari za samaki, wavu, na mguu wa kushoto. Hakumtia ndevu. Mwisho akaandika kwamba mtoto anamwulizia baba yake na yeye hana la kumjibu.

Mama mkwe akasoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata maneno. Alipofika mwisho akatikisa kichwa kwa kuridhika, macho yamemlowa.

"Hii hata mimi ningeiamini."

"Na tarehe?"

"Iache kwanza."

Chumbani kitanda kikalia, kisha mke akasikia sauti nzito ya mumewe, ya mtu aliyelala mpaka jua kali.

"Mama! Chai ya leo iko wapi?"

"Inachemka, baba," mama mkwe akaitika kwa upole, akaikunja barua mara mbili.