Kuvutwa Mguu

Tangu mjukuu wake afike kutoka ng'ambo, Bibi alikuwa akimtabasamia tu. Mtoto hakujua Kiswahili, naye Bibi, fundi cherehani wa miaka mingi, Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu.

Jioni ile mwanawe, baba wa mtoto, alileta mchezo wa kadi. Kila kadi ilikuwa na msemo wa mitaani wa Kiingereza. Mmoja anauigiza bila kutoa neno, wengine wanabahatisha.

Zamu ya Bibi ilipofika, mwanawe alimnong'oneza, "Kadi hii inasema kumvuta mtu mguu. Maana yake kumtania."

"Kumtania kwa mguu?"

"Ndivyo wasemavyo, Mama. Ukiona aibu, pita."

Bibi akamtazama mtoto, aliyejikunyata pembeni mwa kochi. Akajikongoja mpaka chini, magoti yakilia, akaushika mguu mdogo wenye soksi iliyotoboka kidoleni. Mkono ulisita. Je, akiogopa?

Akauvuta.

Mtoto aliteleza hadi zuliani, macho yamemtoka pima. Kisha akaangua kicheko mpaka kwikwi ikamshika, akautaja msemo wenyewe kwa Kiingereza. Halafu akamgeukia baba yake na kumuuliza jambo.

"Anataka kujua sisi tunasemaje," mwanawe alisema, akamfundisha mtoto taratibu.

"Bibi... ananitania," mtoto akasema.

Kisha akamnyooshea Bibi mguu wa pili.