Kofia ya Roswitha

Jumamosi, tarehe 14 Oktoba 2017, katika ukumbi wa vitu vya kale hapa Ulm, jirani yangu Roswitha alimkabidhi mthamini kofia ya kijivu ya askari wa zama za Hitla. Askari mmoja alimletea mama yake Roswitha vita vilipokwisha, akasema ni ya baba yake Roswitha aliyepotea vitani. Tangu hapo hakuna aliyejua kama alisema kweli.

"Ni halisi, mama," mthamini alisema akiipapasa. "Kitambaa cha mwaka arobaini na mbili. Utapata yuro themanini."

"Sikuja kuuza, kijana. Nataka kujua ilikuwa ya nani."

"Hilo rahisi. Askari waliandika majina yao chini ya pindo la bitana, kwa penseli ya wino." Kisha akainusa. "Mbona inanukia sabuni?"

"Niliifua jana. Ningekuletea uchafu wa miaka sabini, watu waniseme?"

Nilicheka, maana kwetu hata ngazi za nje husuguliwa kila wiki.

Mthamini hakucheka. Alilifunua pindo taratibu. Mahali pa jina palikuwa na doa la zambarau, bado bichi, limetapakaa kama mvinyo juu ya kitambaa cha meza.

"Penseli ile haivumilii maji, mama."

Roswitha aliweka kidole juu ya doa. Kidole kikatoka na rangi.

Wewe usomaye, mfikishie neno hili kila aliyehifadhi nguo ya marehemu: asiifue kabla ya kuitazama ndani.