Mwenza wa Mzee Mtungi

Valvu ilikuwa imefungwa tena.

"Mzee wangu," alisema nyuma yake yule muuguzi aliyekuwa mwenza wake katika kozi ya kuzamia, mkono ukiwa juu ya mtungi wa hewa, "huko chini ungepumua nini? Maombi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mzee Mtungi akajipiga kofi kwenye paji la uso, akacheka nao. Jina hilo alipewa hapo hapo bwawani wiki ya kwanza, alipojitosa majini na mtungi uliofungwa, akaibuka ametoa macho. Wiki ya pili alivaa mapezi ya miguu tangu chumba cha kubadilishia nguo, akaja akitembea kama bata mpaka akaanguka chali. Ya tatu alisahau mkanda wa vyuma, akabaki anaelea juu huku wenzake wameketi sakafuni mwa bwawa wakimsubiri.

Mkufunzi alikuwa na ubao ukutani, ameuandika "Aibu za Wiki". Kila kosa liliandikwa humo, na chini yake funzo: fungua hewa kwanza; mapezi huvaliwa ukingoni; kaguaneni. Nusu ya ubao ilikuwa ya mzee peke yake.

Siku nyingine mkufunzi angemtania. Leo alimvuta pembeni, karibu na rafu ya mitungi.

"Mzee, nakuheshimu kama baba yangu. Ila kozi hii ni ya wiki sita, na wewe una miezi minne. Wenza wako wawili wa mwanzo wamefaulu, wameenda zao. Mtihani wa leo ukikushinda, sitakupokea tena. Sitaki siku moja nije nikuopoe."

"Nimekuelewa, mwanangu," akajibu, ila kufukuzwa hakutaka.

Maana Jumamosi, siku ya bwawani, ndiyo siku pekee aliyokuwa nayo. Siku nyingine sita aliishi katika vyumba viwili, na sahani moja, kikombe kimoja, na redio iliyoongea na kuta. Tangu amzike mkewe, miaka minane sasa, hakuna aliyewahi kumwambia, "Subiri, kola yako imekunjika." Upweke ulikuwa umemkaa mwilini, na yeye hakuwa na wa kumwambia hata hilo.

Hapa bwawani sheria ilikuwa moja: hakuna anayezama peke yake. Kabla ya kuingia majini mwenza wako anakukagua, mkono begani, mkono kiunoni, mkanda kwa mkanda, halafu anakutazama machoni na kukuuliza. Mzee alipenda sana kuulizwa.

"Uko tayari?" muuguzi akauliza.

"Niko tayari."

Wakashuka mita tano, wakapiga magoti sakafuni. Mtihani wenyewe ulikuwa kuvua miwani, kuhesabu hadi kumi, kuivaa tena na kuyatoa maji. Muuguzi akaanza. Alifika vidole vinne, maji yakampanda puani, akapaliwa. Kipumulio kikamtoka mdomoni. Akaisukuma sakafu kwa miguu yote miwili akimbilie juu, midomo ameibana, na pumzi kaifungia kifuani. Katika makosa yote ya wazamiaji hilo peke yake halichekeshi, kwa kuwa hewa iliyofungiwa hivyo hupasua mapafu.

Mkufunzi alikuwa upande wa pili na wanafunzi wengine, amewapa kisogo.

Mzee aliudaka mkanda wa jaketi la muuguzi kabla hajafika mbali. Akamtia mdomoni kipumulio chake cha akiba, akabonyeza kitufe cha kuondoa maji, kisha akauchukua mkono wa muuguzi na kuuweka juu ya kifua chake mwenyewe, ausikie mwendo wa pumzi. Ndani. Nje. Macho ya muuguzi yakatulia. Wakapanda pamoja, taratibu, bila haraka yoyote.

Mkufunzi aliwafikia ukingoni akihema. "Nani alikufundisha kumshika mtu hivyo? Somo hilo hatujalifikia."

"Nilikuona wewe ukifanya."

Mkufunzi akakuna kichwa, maana hakukumbuka. "Basi hakuna cha mtihani tena, mzee. Umefaulu."

Makofi yakapigwa. Mzee akatazama chini kama mtu aliyepewa habari nzito, nao wakadhani ni haya.

Baadaye muuguzi alirudia, naye akafaulu. Akamkumbatia mzee, nywele zikichuruzika maji, akamwambia hatamsahau maisha yake yote. Honi ikalia langoni, alikuwa mumewe. Akakimbia, viatu mkononi. Wengine nao wakaondoka, wawili hapa, watatu pale, wakipangana wapi pa kwenda kula. Mkufunzi akachukua kitambaa, akafuta ubao.

Mzee alifika nyumbani jua bado lipo. Alianika taulo dirishani, akaketi kitandani, akavuta droo. Cheti kipya akakiweka juu ya vingine kumi na kimoja vya shule kumi na moja, vyote vya wanafunzi wanaoanza, vyote vikiwa na jina lake. Chini kabisa kulikuwa na kimoja kilichogeuka manjano kwa umri, cha ukufunzi wa kuzamia, nacho chenye jina lake.

Akachukua simu, akapiga shule iliyokuwa mwendo wa saa tatu kwa basi. Za karibu zilikuwa zimekwisha.

"Ndiyo, dada, nataka kujifunza kuzamia," akasema. "Hapana, mtungi sijawahi hata kuugusa." Akasita kidogo. "Na kila mwanafunzi anapewa mwenza, siyo?"