Mfano wa Ngazi

"Huu ni wizi wa mchana kweupe!" Profesa Krol aliitupa insha mezani kwa mkuu wa kitivo.

Usidhani alikuwa na uchungu. Alikuwa anafurahi kupita kiasi. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa amefundisha maadili katika chuo hicho cha Ohio, na kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu uaminifu ndicho kilichompa cheo, ofisi yenye madirisha mawili na tabia ya kujisikiliza akiongea. Leo Corinne Dufault, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, alikuwa amenakili maneno ya kitabu hicho na kumpelekea mwenye kitabu asahihishe. Ujinga wa namna hiyo hutokea mara chache, na profesa alitaka kuufaidi.

Mkuu wa kitivo, Bi Hartwell, alivua miwani, akamtazama msichana aliyesimama mbele ya meza. "Corinne, sheria unaijua. Ukipatikana na hatia unafukuzwa leo, na mahafali ni Jumamosi. Umenakili?"

"Nimenakili, mama."

Krol nusura apige makofi.

"Kurasa tatu nzima!" alisema. "Hata mfano wa jirani aliyeazima ngazi hakuubadilisha. Mfano ule niliubuni mwenyewe, nikiwa bafuni."

"Una hakika, Profesa?" Corinne aliuliza.

"Binti, usinichekeshe. Nitamsahau vipi mtoto niliyemzaa mwenyewe?" Akamgeukia Bi Hartwell. "Anayeiba mawazo ya mwenzake asikanyage tena chuo hiki, hata awe nani. Andika hivyo, nami nitatia sahihi."

Bi Hartwell aliandika. Profesa akatia sahihi kwa mbwembwe, mpaka kalamu ikakwaruza karatasi.

"Ila kitabu chako sijawahi kukisoma," Corinne alisema. "Nilijaribu, nikasinzia."

"Sasa umenakili wapi?"

Msichana alifungua mkoba, akatoa karatasi za zamani zilizopigwa taipu, zimegeuka manjano pembeni. "Kwenye insha ya mama yangu. Naye alisoma hapa, mpaka alipoacha."

Bi Hartwell alipekua mpaka akaifikia ile ngazi. Kisha akarudi ukurasa wa kwanza, akasoma kwa sauti maneno ya wino mwekundu yaliyoandikwa juu:

"Machi 1994. Hakuna hapa wazo hata moja la maana. Umefeli. T. Krol."