Mtandio wa Zuhena

Jua liliporudi baada ya majira marefu ya giza, mji mzima ulivua kofia kulipokea. Juu sana, mawingu ya rangi za lulu, yaliyogandishwa na baridi kali, yalianza kuyeyuka.

"Vaeni kofia, jamani," alisihi Zuhena, mpima anga. "Mawingu yale yameamsha sumu inayotafuna kinga ya mbingu dhidi ya miale ya jua. Jua hili litatuunguza."

"Unalitukana jua?" Mbaruk mhunzi, mwanawe mchanga mkononi, akampiga teke la mbavuni, akaanguka. Wengine wakamvurumishia mabonge ya barafu mpaka theluji ikawa nyekundu.

Zuhena akashika suruali ya Mbaruk, akajivuta, akainuka, akamfunika mtoto kichwa kwa mtandio wake wenye damu.

Mbaruk akaushika ncha auvute. Utosini pake mwenyewe, penye upara, pakaanza kuwasha kwa jua.