Somo la Hapana

Chai ilikuwa na chumvi badala ya sukari, na walimu wote waliinywa wakitabasamu.

"Tamu, Bu," alisema Pak Ngadiran, mwalimu wa darasa la sita, machozi yakimlengalenga. "Mkono wako ni uleule." Akaomba kikombe cha pili.

Bu Tumiyati, mwalimu mkuu, akashika kichwa. Chumvi aliitia mwenyewe, kijiko kimejaa juu ya kijiko, ili apate japo mtu mmoja wa kulalamika.

Ndivyo tulivyo sisi Wajava, watu wa kuitana Bu na Pak, yaani Mama na Baba, kwa adabu. Kumwambia mtu hapana usoni ni kama kumvua nguo sokoni. Tunasema "inggih", ndiyo ya heshima, halafu kila mtu anakwenda kufanya lake. Fundi ukimwambia aje kesho, inggih. Ukimwona mwaka huohuo, shukuru. Ukiuliza darasa kama limeelewa hesabu, "Inggih, Bu!" wote, hata aliyelala.

Sasa wakubwa wa elimu wilayani walikuwa wamechoka na inggih. Mkaguzi wao, Pak Hendarto, aliwatangazia walimu wakuu kwamba kabla ya mwaka kwisha, walimu na wanafunzi wote wawe wamejifunza kusema lililo moyoni. Shule itakayoshindwa, mkuu wake atahamishiwa shule ya kisiwa cha mbali, nusu siku kwa boti. Na Bu Tumiyati alikuwa na mama yake nyumbani, kikongwe asiyekubali uji wa mkono mwingine wowote isipokuwa wa binti yake. Boti yenyewe tusiitaje. Huyu mwanamke hutapika hata kwenye bembea.

Akaanza mazoezi. Kila asubuhi, bendera ikishapanda, alisimama mbele ya shule nzima.

"Mnataka kazi ya nyumbani Jumapili?"

"Inggih, Bu!"

"Nyingi?"

"Inggih, Bu!"

"Mnataka nife?"

"Inggih, Bu!"

"Angalau hilo la mwisho wamelisema kwa moyo," alimwambia Pak Ngadiran wakirudi ofisini.

Wa kwanza kuvunja mwiko alikuwa Ratri, msichana wa darasa la nne. Bu Tumiyati alipouliza darasa lao kama limeelewa hesabu, aliinua kidole. "Samahani, Bu. Sijaelewa." Akashusha kidole. "Tangu mwaka jana."

Wenzake wakamgeukia kama aliyevunja sahani ya mgeni. Bu Tumiyati akapiga makofi mpaka ushungi ukamteleza.

Baada ya hapo hapakuwa na wa kuwazuia. Watoto walimwambia Pak Ngadiran kwamba mwandiko wake ubaoni ni kama kuku amechakura. Naye, badala ya kwenda kulia chooni, aliingia ofisini bila hodi.

"Bu, hotuba zako za Jumatatu ni ndefu. Watoto wanaanguka juani. Mimi mwenyewe huwa nalala nimesimama."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote, Bu. Wenzangu huniamsha wimbo ukianza."

Bu Tumiyati akacheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole. "Kumbe kichwa changu kimejaa sufi, na nyote mlijua! Haya, Jumatatu nitasema mawili matatu, nishuke."

"Na wewe, Bu? Umewahi kumkatalia mtu?"

"Mimi ni kocha, Pak. Kocha umemwona wapi akikimbia?"

Siku ya ukaguzi ikafika. Pak Hendarto aliingia darasa la nne na tabasamu lake la kikazi.

"Shule yenu ni nzuri, sivyo, watoto?"

"Hapana, Pak," alisema Ratri. "Choo hakifungi. Mmoja akiingia, mwenzake analinda mlango, na huyo mlinzi naye kabanwa."

Bu Tumiyati akawahi kumfungulia mkaguzi mlango. Wakaenda ofisini, walimu wakajipanga ukutani. Mkaguzi akasema anafikiria kuwaita semina wakati wa likizo.

"Hapana, Pak," alisema Pak Ngadiran. "Likizo mimi navuna mpunga."

"Mimi namwoza binti yangu," alisema mwingine.

"Mimi sina sababu," alisema wa tatu, "sitaki tu."

Pak Hendarto aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akacheka mpaka miwani ikamtoka. "Hawa ndio watu! Mmefaulu! Wilaya nzima sijaona shule iliyogeuka namna hii!"

Walimu wakakumbatiana. Watoto wakarukaruka uani bila kujua bado ni kwa nini. Bu Tumiyati akajitupa kitini, akamfikiria mama yake na bakuli la uji la jioni, na la kesho, na la kesho kutwa. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze aliona amekanyaga nchi kavu.

Pak Hendarto akasogeza kiti karibu yake.

"Bu, nina ombi dogo. Kule kisiwani kila mara nimepeleka walioshindwa, na huko wameshindwa tena. Nikawaza, kwa nini nisipeleke aliyeweza? Lakini mimi simlazimishi mtu. Sema hapana tu, nitamtafuta mwingine. Wala sitakasirika."

Dirishani, Ratri na wenzake walikuwa wakitikisa vichwa kulia na kushoto kwa nguvu zao zote. Nyuma ya mkaguzi, Pak Ngadiran alipanua mdomo bila sauti, akimwonyesha bosi wake neno lenyewe, silabi kwa silabi, kama anayefundisha darasa la kwanza.

Bu Tumiyati akakohoa. Akaketi wima. Akatengeneza ushungi.

"Boti, Pak," akauliza kwa upole, "huondoka saa ngapi?"