Majibu ya Droo ya Chini

Kabla hata hajamsalimia mtu, Fundi Miale alipiga goti mbele ya mashine kuukuu na kuivuta droo yake ya chini. Kile kibati cha kujaribia herufi kilikuwepo. Alikigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Juu yalikuwa maneno yake mwenyewe ya miezi sita iliyopita: WANALETA MASHINE MPYA. TUTAONANA WAPI? Chini yake palikuwa na mstari mmoja wa herufi nyembamba, safi, zisizo na doa la kuungua: MIMI SIENDI POPOTE.

Alikitia kibati mfukoni mwa shati, kama kijana aliyepata barua.

Miale ni jina la utani alilopewa kwa sababu ya kazi yake, kufunga na kurekebisha mashine zinazochora namba kwenye chuma kwa miale ya leza. Kwenye kiwanda hiki cha kufuli alikuja mara mbili kwa mwaka, na huu ulikuwa mwaka wa tano. Siku ya kwanza kabisa, akijaribu herufi, aliandika KUNA MTU HAPO? kwenye kibati cha majaribio, utani wa mtu asiye na wa kumtania, akakitupa droo ya chini. Aliporudi alikuta jibu: YUPO. HERUFI ZAKO ZIMEUNGUA.

Tangu hapo hawakuachana. Mama yake alipofariki, aliandika habari hiyo kwenye kibati, akajibiwa: POLE. NIMELIA, NA SIKUMJUA. Ndugu zake wa damu walikuwa wamemtumia picha za maua kwenye simu, basi. Fundi alikuwa na chumba kimoja, kikombe kimoja na redio isiyozimwa, na hapa duniani hakuwa na mtu wa karibu kuliko huyu fundi mwenzake asiyemjua hata sura.

Maana lazima awe fundi. Asiyejua kupima lenzi, nguvu na kasi hawezi kuchora hivyo, na tuseme ukweli, huyo mtu alimzidi Miale kwa mbali. Alikwisha kumjenga kichwani: mtu wa kampuni nyingine, anakuja miezi ile ambayo yeye hayupo, begi la vifaa begani, na mchana anakula peke yake.

Shida ni kwamba leo ilikuwa mara ya mwisho. Mashine mpya ingerekebishwa kwa mtandao kutoka makao makuu, bila mtu kuja. Asipompata mwenzake leo, amempoteza moja kwa moja.

"Bosi," alimwuliza msimamizi, "yule fundi mwingine huwa anakuja lini?"

"Fundi gani?"

"Anayeigusa hii mashine nisipokuwepo."

"Hakuna mwingine, Miale. Ni wewe tu. Au umeanza kuona majini mchana kweupe?"

Akamgeukia dada aliyekuwa akiiendesha ile mashine. Naye akacheka. "Sisi tunabonyeza kitufe cha kijani, tunaendelea na maisha. Namba ya siri ya kuingia huko ndani si unayo mwenyewe?"

Kwa sekunde moja mbaya, Fundi Miale alijiuliza kama miaka yote hiyo hakuwa akijiandikia mwenyewe. Lakini hapana. Hakuwahi kuchora herufi safi kiasi kile maishani mwake.

Mashine kuukuu ikaburutwa nje, mpya ikakaa mahali pake. Akanyoosha meza yake kwa pima maji, akaunganisha nyaya, akaketi kitini, akaingiza namba ya siri huku akiitamka kwa sauti, tarakimu moja moja. Kukaa peke yake kulikuwa kumemzoesha kuongea na mashine. "Sasa kasi," alisema. "Sasa nguvu. Sasa tunashusha kichwa cha leza taratibu, mpaka hizi nukta mbili nyekundu zikutane ziwe moja."

"Samahani, fundi," ilisema sauti nyuma yake.

Akainua miguu bila kugeuka, ufagio wa kudekia ukapita chini yake. "Ngoja kwanza nimalize, mama. Nitakuchafulia tena."

Mama wa usafi akaegemea ukuta akangoja, kama alivyongoja kila alipokuja fundi, macho kwenye kioo cha kompyuta.

Miale akaweka kibati kipya mezani na kuandika swali ambalo kwa miaka mitano hakuthubutu kuliuliza: WEWE NI NANI? Akabonyeza. Mwanga ukakimbia juu ya chuma, moshi mwembamba ukapanda. Herufi zikatoka nene, zenye ukungu. Akarudia upande wa pili, zikatoka mbaya zaidi. Machozi yalikuwa yamemjaa, na nukta mbili nyekundu aliziona nne.

Tena amwulize nani? Hii mpya haikuwa hata na droo. Jioni angekabidhi funguo za mashine, angerudi kwenye redio yake, na swali lake lingetupwa na vyuma chakavu. Aliacha kazi akabaki kitini, mikono mapajani, mpweke kuliko siku aliyomzika mama yake.

Ndoo ikawekwa sakafuni. Mkono unaonukia sabuni ukapita juu ya bega lake, ukakichukua kibati, ukakigeuza kwenye mwanga.

"Kishushe kichwa milimita mbili, fundi," alisema mama wa usafi. "Halafu nipishe hapo, nikujibu."